Jinsi ya Kutafuta Hitilafu za Trekta Kuukuu Ulilonunua Hivi Karibuni: Mwongozo Kamili wa Massey Ferguson 135

Wakulima wa Njoro, Rongai na Trans Nzoia wanaonunua trekta kuukuu hukwama mara kwa mara mahali pamoja. Trekta huwaka vizuri uwanjani kwa muuzaji, hufika shambani, kisha baada ya siku chache hukataa kuwaka au huzimika katikati ya kulima. Fundi wa kwanza hushuku pampu kubwa ya dizeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha hadi kwenye nozeli (vipulizio vya dizeli ndani ya silinda), huifungua, nayo hupelekwa mjini kutengenezwa kwa fedha nyingi. Ikisharudishwa, trekta huzimika vilevile kama mwanzo, kwa sababu tatizo lilikuwa tundu la hewa lililoziba kwenye kifuniko cha tangi.

Kwa hiyo mwongozo huu una kanuni moja: kifaa hakifunguliwi wala hakinunuliwi kabla kipimo rahisi hakijathibitisha kwamba ndicho kibovu. Umeandikwa kwa ajili ya MF 135 yenye injini ya dizeli ya Perkins AD3.152 ya silinda 3. Mwenye MF 240, ambalo hutumia injini hiyo hiyo, ataweza kufuata karibu kila hatua. Fuata mpangilio kama ulivyo, maana kila hatua hutegemea iliyotangulia.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Spana za inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Spana za milimita huharibu vichwa vya nati za trekta hili, hasa nati laini za mabomba ya dizeli.
- Mita ya kupimia umeme.
- Fila geji ya kupimia pengo la valvu.
- Kipimo cha presha ya oili cha kufunga kwa muda, ikiwa kile cha dashibodi hakifanyi kazi.
- Chupa mbili za kioo au plastiki zinazopitisha mwanga, mtungi safi wa lita 5 na kipande cha mpira wa dizeli.
- Chujio jipya la dizeli pamoja na gasketi zake, na washa mpya za shaba za nozeli.
- Oili ya injini, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, brashi ya waya na karatasi ya msasa.
- Miwani ya kukinga macho, magogo imara ya kuzuia magurudumu, kizimamoto cha unga au ndoo ya mchanga mkavu.
- Daftari. Andika kila kipimo unachopata, kwa sababu fundi mzuri atakushukuru kwa namba kuliko kwa maelezo ya jumla.

## Hatua ya 1: Litambue trekta na kazi lililotoka kufanya

Linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizo kwenye kitabu cha umiliki kabla ya kumaliza malipo, na hakikisha umiliki unahamishwa kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari nchini Kenya. Namba ya injini inahitajika pia dukani, kwani matrekta mengi ya umri huu yamekwisha kubadilishiwa injini au pampu, na kipuri cha toleo moja huenda kisikae kwenye lingine.

Kisha uliza lilikuwa likifanya kazi gani. Trekta lililovuta trela za miwa Muhoroni au Mumias huwa limechakaa zaidi kwenye klachi, giaboksi, breki na ndoano ya nyuma, ilhali lifti yake, yaani mikono ya nyuma inayoinua plau, inaweza kuwa bado nzima. Lililolima kwa miaka mingi katika udongo mweusi wa Kano huonyesha uchovu kwenye lifti na ekseli ya mbele. Lililokaa katika vumbi la Nakuru bila chujio la hewa kutunzwa huonyesha uchovu ndani ya silinda.

## Hatua ya 2: Ukaguzi kabla ya kuzungusha injini

Simamisha trekta mahali tambarare, kaza breki, zuia magurudumu kwa magogo, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa imepita alama ya juu, inuse. Harufu ya dizeli maana yake ni kwamba dizeli inaingia ndani ya injini, mara nyingi kupitia kiwambo kilichopasuka cha pampu ndogo (ile inayopeleka dizeli kutoka tangini hadi kwenye chujio), na oili ya namna hiyo haiwezi kulinda beringi. Ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hizo mbili usiiwashe injini hata kwa dakika moja kabla ya kumwaga oili na kupata chanzo.

Kagua pia chujio la hewa. Mengi ya matrekta haya yana chujio lenye bakuli la oili. Mwaga matope yaliyomo, lioshe, kisha tia oili safi hadi kwenye alama na usizidishe. Oili ikizidi inaweza kuvutwa ndani ya injini na kuchomeka kama dizeli, nayo injini ikaongeza kasi bila kudhibitiwa.

Mwisho, jaribu kitufe cha kuzimia. Ufunguo wa trekta hili hauzimi injini, kwani injini huzimwa kwa kuvuta kitufe kinachokata dizeli kwenye pampu. Waya wake ukiwa umekatika au umekwama kwa kutu, urekebishe sasa. Weka karibu pia kipande cha ubao bapa kinachoweza kuziba mdomo wa kuingizia hewa, kwa ajili ya dharura.

Umefaulu ikiwa oili ni safi na iko kiwango chake, radieta imejaa, na mkono wa kuzimia kwenye pampu unakwenda na kurudi wenyewe bila kukwama.

## Hatua ya 3: Umeme wa kuwashia

Injini ya dizeli isipozungushwa kwa kasi ya kutosha haipati joto la kuwasha dizeli, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ndiyo maana umeme hutangulia dizeli.

Pima betri ikiwa imetulia. Betri iliyojaa husoma takribani volti 12.6, na ikiwa chini ya 12.4 ichajiwe kwanza. Mtu mmoja akizungusha stata, betri isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Kisha fanya kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha zungusha stata. Mita ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa bodi, yaani ule unaounganisha betri na chuma cha trekta, ni mbovu au umefungwa juu ya rangi na kutu. Safisha sehemu hizo kwa msasa hadi chuma king'ae. Kazi hii ya nusu saa imewaokoa watu wengi kununua stata mpya.

Ikiwa stata haitoi sauti yoyote, angalia mkono wa gia kubwa na ndogo kabla ya kushuku swichi. Trekta hili lina kinga inayozuia stata kufanya kazi mpaka mkono huo uwekwe mahali pa kuwashia, palipoandikwa herufi S. Usiunganishe stata moja kwa moja kwa bisibisi ukiwa umesimama kando ya gurudumu, kwa kuwa trekta lililo kwenye gia litawaka na kukupitia.

Tahadhari nyingine: baadhi ya matrekta ya zamani yenye dainamo yaliunganishwa kwa kichwa chanya cha betri kwenye bodi. Chunguza jinsi nyaya zilivyo kabla ya kufunga betri mpya.

## Hatua ya 4: Dizeli kutoka tangini hadi kwenye chujio

Hapa ndipo hitilafu nyingi za trekta kuukuu zinapopatikana, kwa hiyo usiharakishe.

Anza kwa kuchukua dizeli ya chini ya tangi katika chupa inayopitisha mwanga na kuiacha itulie usiku kucha. Maji yatakaa chini, kutu itaonekana kama unga mwekundu, na uchafu mweusi wenye utelezi ni dalili ya vijidudu vinavyoota mahali maji na dizeli vinapokutana. Ukiona lolote kati ya hayo, tangi lishushwe na kuoshwa. Kubadilisha chujio peke yake ni kununua siku chache tu za kazi.

Nunua dizeli mahali unapopaamini. Pampu kubwa ya trekta hili, aina ya CAV DPA, hulainishwa ndani na dizeli yenyewe, na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huisaga pampu hiyo.

Sasa pima mtiririko. Tangi liko juu ya injini, chini ya boneti, na dizeli hushuka kwa uzito wake hadi kwenye pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini. Fungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo, fungua koki, na upokee dizeli katika mtungi safi. Inapaswa kutiririka bila kukatika kwa dakika nzima. Ikidhoofika, fungua kifuniko cha tangi. Mtiririko ukirudi nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Hitilafu hii ina dalili yake: injini hufanya kazi vizuri kwa robo saa au zaidi, huzimika polepole, kisha huwaka tena baada ya kupumzishwa. Mtiririko ukibaki dhaifu hata kifuniko kikiwa wazi, kichujio kidogo kilicho juu ya koki ndani ya tangi kimezibwa.

Rudisha bomba hilo, fungua lile linalotoka kwenye pampu ndogo, na usukume mkono wake mdogo wa kupampia. Kila msukumo utoe dizeli kwa nguvu. Ukiona mkono umelegea na hausukumi chochote, usiihukumu pampu bado. Huenda kemu ya injini, yaani kinundu kinachozunguka na kuisukuma pampu hiyo, imesimama mahali pa juu na imeibana pampu. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili kisha ujaribu tena. Ikiwa bado haisukumi, hapo ndipo pampu ndogo ibadilishwe, na oili ya injini ikaguliwe tena kama ilivyoelezwa katika Hatua ya 2.

Ukitaka kuondoa shaka yote kuhusu tangi na mabomba yake, ning'iniza mtungi safi wa dizeli mahali pa juu na uunganishe kwa mpira moja kwa moja na pampu ndogo. Uzito wake ushikwe imara, mbali na ekzosi. Injini ikifanya kazi saa nzima kwa mtungi huo lakini ikazimika kwa tangi, umepata jibu bila kugusa pampu kubwa.

Badilisha chujio la dizeli pamoja na gasketi zake zote, ya juu na ya chini. Gasketi ya zamani ikiachwa na mpya ikawekwa juu yake, chujio litavuja, na hutaelewa kwa nini.

## Hatua ya 5: Kutoa hewa

Pampu kubwa haiwezi kusukuma hewa. Hewa hubanwa, lakini dizeli haibanwi, kwa hiyo kiputo kidogo tu ndani ya bomba hunyonya presha yote iliyopaswa kufungua nozeli. Wengi hushindwa hapa kwa sababu hutoa hewa kwenye chujio peke yake, kisha huizungusha stata hadi betri inakufa.

Safisha kwa brashi pampu na chujio kwa nje, kwani chembe moja ya mchanga ikiingia hutaweza kuitoa. Sukuma ndani kitufe cha kuzimia ili dizeli iruhusiwe kupita. Kisha fuata mpangilio huu:

1. Legeza skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya chujio, ile iliyo ubavuni mwa pampu kubwa, na ile iliyo juu ya kifuniko cha gavana (kidhibiti kasi) wa pampu hiyo.
2. Pampu kwa mkono mdogo. Dizeli itatoka na povu kwanza. Endelea mpaka itoke bila kiputo hata kimoja, kisha kaza ya chujio, ya ubavuni, na mwisho ya juu. Usikaze kupita kiasi, maana skrubu hizi ndogo hukatika.
3. Legeza nati ya bomba linaloingia kwenye pampu kubwa, pampu tena, kaza.
4. Legeza nati za mabomba ya presha kwenye nozeli mbili, upande wa nozeli. Weka mkono wa mafuta kwenye kasi ya juu, zungusha stata kwa sekunde zisizozidi 15, pumzisha, rudia. Dizeli ikianza kuruka bila povu, kaza nati hizo, rudisha mkono wa mafuta na uwashe.

Tahadhari kubwa: dizeli inayotoka kwenye nozeli au bomba lenye ufa ina presha inayoweza kutoboa ngozi. Usipapase kwa kidole kutafuta inapovuja. Tumia kipande cha kadibodi. Aliyechomwa na dizeli ya presha apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, kwa sababu madhara hutokea ndani.

Usitumie kamwe dawa ya kupuliza ya kuwashia injini ikiwa trekta lina kifaa cha kupasha moto hewa kwenye manifoldi. Hewa hiyo inaweza kulipuka.

Umefaulu ikiwa injini imewaka, imetulia kwa sauti sawa baada ya dakika chache, na kesho yake asubuhi imewaka bila kutolewa hewa upya. Ikihitaji kutolewa hewa kila asubuhi, kuna mahali hewa inapenya, na mara nyingi ni gasketi ya chujio au washa za viungo.

## Hatua ya 6: Presha ya oili, moshi na silinda iliyo dhaifu

Injini ikishapata joto na kuwa katika kasi ya kazi, presha ya oili iwe kati ya ratili 30 na 60 kwa inchi ya mraba. Ikiwa chini ya hapo, funga kipimo cha pili kabla ya kuamini habari mbaya, lakini usilime mpaka upate jibu.

Tazama moshi injini ikiwa na mzigo. Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, kwa hiyo anza na chujio la hewa. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli baada ya injini kupata joto ni dizeli isiyoungua, kutokana na nozeli mbovu, pampu kupuliza dizeli wakati usio sahihi, au silinda kutobana hewa vya kutosha. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mwinuko nao una sehemu yake: injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, hivyo trekta lililotoka Kisumu litatoa moshi zaidi na kuchoka mapema likifikishwa Molo, bila kuwa na ubovu wowote.

Injini ikitetemeka, tafuta silinda isiyofanya kazi. Vaa miwani, funika nati ya bomba la nozeli ya kwanza kwa kitambaa, ilegeze kidogo injini ikiwa taratibu, sikiliza, kaza, kisha nenda kwenye inayofuata. Ile ambayo ikilegezwa sauti ya injini haibadiliki ndiyo mgonjwa. Zima injini, badilishana nozeli ya silinda hiyo na ya jirani kwa kutumia washa mpya za shaba, toa hewa, rudia kipimo. Ubovu ukihama pamoja na nozeli, peleka nozeli ikapimwe. Ukibaki kwenye silinda ile ile, pima pengo la valvu, ambalo injini ikiwa baridi ni inchi 0.012, yaani milimita 0.30. Pengo likiwa sahihi na silinda bado ni dhaifu, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikiwa inanguruma. Moshi unaotoka kwa mapigo ni dalili ya ringi za pistoni zilizochakaa, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye karakana.

## Hatua ya 7: Joto la injini

Jaza radieta injini ikiwa baridi, acha kifuniko wazi, washa, na utazame dakika ya kwanza. Viputo vinavyotoka mfululizo kabla maji hayajapata joto ni gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi ya hedi. Visipokuwepo, kagua mkanda wa feni, mapezi ya radieta yaliyozibwa na mabua, na kifuniko chenyewe.

Kifuniko cha radieta ni kitu kidogo kinachodharauliwa. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kisichoshika presha huwafanya watu wafungue hedi bure. Usikifungue injini ikiwa moto. Thamostati nayo ikiwa imetolewa na fundi aliyetangulia, irudishe, kwani injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchakaza silinda.

## Hatua ya 8: Lifti isiyoinuka

Kabla ya kuita fundi, angalia mkono wa PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha mashine zinazofungwa kwenye trekta. Pampu ya haidroliki ya trekta hili iko ndani ya oili ya nyuma na huzungushwa na shafti ya PTO. Mkono ukiwa katikati, pampu haizunguki na lifti haitainuka kamwe. Ondoa kwanza kiungo chochote kinachoendesha mashine nyuma, kanyaga klachi hadi chini, weka mkono kwenye PTO ya injini, achia polepole, kisha ujaribu lifti.

Isipoinuka bado, pima oili ya nyuma. Oili hiyo ndiyo ya giaboksi na ndiyo ya lifti, kwa hiyo upungufu wake huumiza vyote. Oili nyeupe ina maji ya mvua, ambayo huingia kupitia mipira iliyopasuka ya mikono ya gia, na lazima imwagwe yote. Lifti inayoinuka kwa kutetemeka huwa na kichujio kilichoziba au oili pungufu. Lifti inayoinuka vizuri lakini ikashuka mara tu injini inapozimwa inavuja kwenye pistoni yake au valvu. Usiingie chini ya plau iliyoinuliwa na lifti peke yake.

## Hatua ya 9: Klachi na breki

Kanyaga breki ya kushoto na ya kulia mbalimbali katika uwanja tambarare, kila moja isimamishe gurudumu lake, kisha ziunganishe kwa kifungio chake kabla ya kwenda barabarani. Oili ikionekana kwenye ngoma ya gurudumu, sili ya ekseli imekufa na breki hiyo haitashika mpaka sili ibadilishwe. Pedali ya klachi iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kugandamiza. Isipokuwa nao, beringi ya klachi inasagwa hata ukiwa hujaikanyaga.

## Hatua ya 10: Kulijaribu shambani

Funga plau, anza kwa kina kifupi mahali tambarare, na uongeze kina baada ya nusu saa. Kila nusu saa simama, tazama presha ya oili, joto na sehemu zinazovuja. Lima kwa saa mbili, kisha zima injini, iache ipoe, na ufungue skrubu ya chini ya chujio la dizeli juu ya chupa safi. Kikitoka kitu kingine mbali na dizeli safi, rudi kwenye Hatua ya 4 na ushushe tangi lote kabla trekta halijarudi shambani.